Magauni Manane ya Kulalia

Leso mpya ina harufu yake. Si harufu ya pamba wala ya rangi peke yake. Ni wanga uliokaukia kwenye nyuzi, kitu kikavu kinachokwaruza pua kidogo. Wanawake wengi ninaowajua hufumba macho wakiinusa, wakakumbuka harusi zao na mama zao. Mimi hunipanda hasira. Juzi nilikuwa dukani hapa Malindi natafuta leso ya kumpelekea jirani aliyejifungua, na muuzaji akaitandaza moja mbele yangu kwa mbwembwe, akaipepea ili nilione pindo. Harufu ikanifikia. Nikakunja uso mpaka akaniuliza kama rangi haikunipendeza. Nikamjibu kwamba rangi ni nzuri, ni mambo ya zamani tu, naye akacheka kwa adabu na kuniletea nyingine.

Yeye nilimficha. Nyinyi nitawaambia.

Mambo yenyewe ni ya miaka ya themanini, mwaka nilipokuwa nikingoja kuingia darasa la kwanza. Tulikaa Shela ya hapahapa Malindi, upande wa mji wa kale, katika nyumba ya mawe yenye ua katikati na kamba ya nguo iliyoukatiza ua huo kutoka ukuta hadi ukuta. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga karibu na soko. Alirudi jioni akiwa mweupe mpaka nyusi, nami nilidhani ndivyo baba za watu wote walivyo. Kabla yangu Mama alizaa wawili, hawakukaa, na baada yangu hakuzaa tena. Hayo niliyasikia kwa wakubwa wakinong'ona, na wakubwa hawajui kunong'ona.

Na mimi nilikuwa kikojozi. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana wako watu mtaani kwetu ambao hata leo, nikipita na nywele zangu zilizoanza mvi, hulikumbuka hilo kwanza kuliko salamu. Kila nilipolowesha, godoro langu la sufi lilitolewa uani kuanikwa, na mtoto yeyote aliyetumwa kwetu kuomba kiberiti au chumvi aliliona, akaenda kulitangaza. Nilitaka sana jina hilo linitoke kabla ya kuanza shule. Nilikuwa nimesikia kwamba watoto wa shule hugawiwa maziwa katika pakiti zenye pembe tatu, na nilikuwa na hakika kwamba kikojozi hatapewa, kwa kuwa maziwa nayo ni kitu cha kunywa. Hofu hiyo nilikaa nayo peke yangu miezi mingi.

Mwaka huohuo Baba alifungua mashine ya pili Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Akawa hulala huko siku moja, kisha mbili, kisha tatu. Mashine mpya ina mambo mengi, alisema. Na kweli ilikuwa na mambo mengi. Alasiri moja alikuja Shangazi Rukia, dada yake mkubwa Baba, mwanamke mwenye sauti tamu na macho yasiyotulia, amebeba furushi kichwani. Alimletea Mama habari ambayo mtaa mzima ulikwisha kuijua: Baba ameoa Mambrui, msichana anayeitwa Saumu, na nikahi imepita Ijumaa iliyotangulia.

Kwetu pwani, mwanamume akioa mke wa pili humpelekea yule wa kwanza kitu cha kumtuliza moyo. Akinunua nguo hununua sare, yaani ileile anayompa mpya ndiyo anayompa wa zamani, asije akaambiwa amependelea. Watu huisifu desturi hiyo, husema ni uadilifu. Wanaume ndio huisifu zaidi. Mimi sijapata kumsikia mwanamke aliyefunguliwa furushi la namna ile akiimba sifa zake.

Shangazi alilifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na leso doti mbili, yaani leso nne, zote za namna moja. Zilikuwa nyekundu, pindo jeusi, na mji wake, pale katikati, umejaa maua meupe makubwa. Sikuwa nimeona kitu kizuri kama kile. Nilitaka Mama ajifunge palepale.

"Mumeo akusalimu sana," alisema Shangazi. "Hizi doti mbili ni zako, na mwenzio kapewa mbili kama hizi. Hakukupunguzia hata uzi."

Mama alizishika, akazigeuza upande wa pili. "Rangi zake nzuri," akasema.

"Basi siku ya Idi zivae, mama, na mwenzio atavaa zake, nimlete akupe mkono. Watu waone nyumba ni moja."

"Zitavaliwa, wifi."

Shangazi aliondoka ameridhika. Nilimsikia mlangoni akimwambia jirani yetu, Bi Fatuma, kwamba mke wa ndugu yake ana moyo mpana. Bi Fatuma hakujibu kitu, na Bi Fatuma hakuwa mtu wa kukosa la kujibu.

Kesho yake asubuhi Mama aliitoa cherehani. Ilikuwa cherehani ya mkono, ya marehemu mama yake, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha mpini wakati yeye akiongoza nguo kwa mikono miwili. Mama hakuwa fundi. Alijua kushona mito, mapazia, na gauni rahisi ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika sindano analijua: unakunja nguo mara mbili, unatoboa shingo, unashona mbavu mbili ukiacha nafasi ya mikono, unakunga upindo wa chini, basi. Alitandika leso moja sakafuni, akaikunja. Akaniambia nilale juu yake. Nililala chali, mikono nimeitanua, naye akapitisha chaki pembeni mwangu. Ile chaki ilinitekenya makwapani nikacheka. Yeye hakucheka.

Shingo aliikata kwa kuzungusha chaki kwenye bakuli la uji. Kwa kawaida Mama hakupitisha mkasi kwenye leso mpya kabla ya kuifua na kuianika, na alipokata alilifuata pindo kwa heshima, likae chini, lionekane. Safari hii alikata kama mtu anayekata mchicha. Pindo likaangukia begani kwenye gauni moja, na kwenye jingine likapita katikati ya tumbo. Jina la leso, yale maneno yanayoandikwa ambayo kila mwanamke huyasoma kwanza kabla ya kununua, aliyakata katikati bila kuyatazama. Nusu yakabaki kifuani pangu na nusu yakapotelea mgongoni. Nilikuwa sijui kusoma, kwa hivyo sikujua nimeandikwa nini.

"Mama, wewe utavaa nini Idi?" nilimuuliza.

"Mimi ninazo nguo. Zungusha."

Nikazungusha. Leso moja ilitoa magauni mawili, na leso zilikuwa nne. Siku mbili tulishona, na jioni ya siku ya pili palikuwa na magauni manane ya kulalia yamepangwa kitandani kwangu, saba ya wiki nzima na moja la akiba. Mtoto wa nani Malindi alikuwa na magauni manane? Wenzangu walilala na fulana kuukuu za kaka zao au na kipande cha leso iliyochanika. Niliwaita wasichana wawili wa jirani waje wayatazame, na kwa mara ya kwanza waliondoka kwetu bila neno la kunichoma. Nilijiona bibi harusi. Nikaapa moyoni kwamba magauni mazuri kama yale sitayaharibu.

Niliyaharibu yote manane, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Karibu kila asubuhi niliamka nimelowa, gauni limenigandia mapajani, na ile harufu ya wanga imechanganyika na harufu nyingine ambayo sina haja ya kuwaeleza. Nililia kwa hasira. Niliacha kunywa maji baada ya alasiri. Nilikataa hata togwa, na nilikuwa napenda togwa. Haikusaidia. Mama alinivua, akanisafisha, akafua gauni, akalianika kwenye kamba ya uani, na hakunigombeza hata kidogo.

Ramadhani ikaja, ikaisha. Siku ya Idi hakuna mwanamke wa kwetu anayefua. Nyumba inakuwa imefagiliwa tangu jana, udi umefukizwa, na kamba ya nguo imeteremshwa kabisa ili wageni wapite. Siku ile Mama aliamka alfajiri, akachota maji, akafua magauni manane yote, hata yale yaliyokuwa safi. Akayatundika uani, moja kando ya jingine, kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akavaa gauni lake la kijani la miaka mingi na leso ya kahawia iliyochujuka, akaketi chini ya kamba ile na kunikatia tambi.

Baada ya swala ya adhuhuri walikuja. Shangazi Rukia alikuwa mbele, nyuma yake wanawake watano sita wa ukoo, na katikati yao msichana amejifunika buibui mpaka machoni. Bi Fatuma naye alijipenyeza, ingawa hakuna aliyemwalika. Walipoingia uani yule msichana alivua buibui, nami nikaona uso wa mviringo, mdogo, wenye wanja uliowekwa na mtu mwingine, na hina iliyokoza mikononi. Alikuwa amejifunga leso nyekundu yenye maua meupe na nyingine amejitanda. Alikuja akapiga goti mbele ya Mama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema Mama. "Karibu. Keti."

Akaketi. Mimi nikamtazama. Lazima mnielewe hapa. Mimi sikujua habari ya sare wala uadilifu. Nilijua kwamba nina magauni manane, kwamba ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna mwenzangu aliyekuwa nacho, na kwamba mwanamke mzima ametoka kwao amekuja na nguo yangu, ameifanya ya kutokea Idi. Niliinuka na sahani yangu ya tambi, nikamwonyesha kwa kidole, nikapaza sauti:

"Mama! Mbona huyu amevaa nguo yangu ya kukojolea?"

Bi Fatuma ndiye wa kwanza kuangua kicheko, akajiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, na mabega yakaendelea kumtikisika. Wengine waliinua macho kwenye kamba, gauni la kwanza mpaka la nane, wakayateremsha taratibu kwenye mapaja ya Saumu. Shangazi Rukia alisimama, akaketi, akasimama tena. "Wewe mtoto!" alisema. Mama aliendelea kupanga vikombe vya kahawa.

Saumu aliitazama kamba, kisha akaitazama leso aliyoivaa, kisha akanitazama mimi. Alijaribu kutabasamu.

"Basi mimi nawe tumevaa sare, mwanangu," aliniambia.

Machozi yakamshuka na wanja wake, akawa anayafuta kwa pembe ya leso ileile, maana hakuwa na kitu kingine.

Sasa nieleze jambo ambalo limekuwa likinikera kwa karibu miaka arobaini. Shangazi alimpelekea Baba habari yote, na Baba alikuja jioni ileile. Alisimama uani, akayatazama magauni, mikono nyuma. Angemwambia nini Mama? Amemshonea mtoto wake nguo za kulalia, basi hilo ni kosa gani? Imeandikwa wapi kwamba leso ya mtu isikatwe? Hakupata pa kumshikia. Akaniita mimi.

"Miaka sita na bado wakojoa kitandani? Huna haya? Waniaibisha mbele za watu?"

Nilisimama mbele yake nikiwa na nguo yangu mpya ya Idi na peremende shavuni. Nilimtazama Mama anitetee, kama alivyonitetea siku zote, naye akaingia jikoni.

Baba alinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kutibiwa. Mwalimu aliandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha maandishi kwa marashi na maji, akanipa ile kombe niinywe, asubuhi saba. Niliinywa nikiamini. Asubuhi ya nane niliamka nimelowa kama kawaida, na Baba akaniambia kwamba sina nia ya kupona. Mimi! Mimi niliyekuwa nikilala na kiu! Nilianza shule na jina langu lilelile. Maziwa nilipewa, namshukuru Mungu, lakini msichana aliyekaa dawati la mbele aligeuka kila siku kuniuliza kama nitayaweza.

Magauni yale yalidumu mwaka na zaidi. Kufuliwa kila siku kuliitoa rangi, nyekundu ikawa ya chai, maua yakafifia, na ukitazama usingejua tena ilikuwa leso gani. Siku moja Mama aliyachana yote manane, akayafanya matambara ya kufutia taa. Haukupita muda nikaacha kukojoa. Sifa zikamwendea mwalimu, watu wakasema kombe wakati mwingine huchelewa kufanya kazi, na watoto wengine watatu wa mtaani wakapelekwa kwake.

Hivyo ndivyo nilivyoijua habari hii mpaka nilipozaa. Mtoto wangu wa pili naye ni kikojozi, amenirithi mimi, na kila siku katikati ya usiku huamka nikamshika mkono, nikampeleka chooni amelala wimawima, nikamrudisha. Hakuna mzazi asiyefanya hivyo. Siku moja, nikimfungia mlango wa choo, nilikumbuka mkono. Ulikuwa mkono wa Mama kwenye bega langu, na sauti yake ikiniambia niinuke, na baridi ya sakafu ya uani miguuni. Alikuwa akiniamsha. Nilipokuwa na miaka minne, mitano, aliniamsha kila usiku, na asubuhi nyingi niliamka mkavu. Nikajaribu kuukumbuka mkono ule katika mwaka wa magauni manane. Sikuupata.

Nilikwenda kwake Shela wiki ileile. Mama sasa ni mzee, magoti yanamsumbua, hushinda ameketi uani akichambua mchele. Baba amekwisha kufariki. Nilimwamkia, nikamsaidia kuchambua, kisha nikamuuliza wazi, maana tumefika umri wa kuulizana.

"Mama, mwaka ule wa zile leso, mbona hukuwa ukiniamsha?"

Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Nilikuwa niko macho," alisema. "Usiku kucha niko macho. Nakusikia ukijigeuza, najua sasa wataka kwenda, nami najilaza tu. Asubuhi naja kulishika godoro. Siku ukiamka mkavu, moyo waniambia umeshika upande wa babako."

Nilikasirika. Yalinijia yote, kombe, godoro, dawati la mbele, kiu. Nikamwambia, "Mama, nilikuwa mtoto wa miaka sita."

"Na Saumu alikuwa wa kumi na minane," alisema. "Kaja kanipigia goti. Unadhani sikuona? Nilikuwa na hasira, mwanangu, na nyinyi wawili ndio niliowafikia."

Hakuniomba msamaha, nami sikumwambia nimemsamehe. Tulimaliza mchele ule, tukaupika, tukala. Hasira yangu haikuisha siku ile na haijaisha hata leo ninapoandika. Ila imehama. Imetoka kwa Shangazi Rukia, ikatoka kwa Mama, ikaenda kukaa kwa mwanamume aliyelala kwa zamu, siku tatu Malindi na siku tatu Mambrui, na kote akaamka mkavu.